Embe Sh5 Makueni, Sh40 Parklands: Tofauti inaenda wapi?

JUMAMOSI asubuhi katika soko la City Park, pale Limuru Road, huhitaji kalenda kujua huu ni mwezi gani. Angalia meza tu. Januari maembe yamepangwa kama piramidi mpaka muuzaji haonekani vizuri: apple zenye mashavu mekundu, ngowe ndefu, na kando kidogo, kwenye beseni, yale mabichi ya kijani yanayotafutwa na akina mama wa Kihindi wa Parklands kwa ajili ya achari.

Nilisimama kwa mama ninayenunua kwake kila wiki. "Kastama wangu, leo ni arobaini arobaini, chagua," akaniambia. Nikacheka, na si kwa dharau. Wiki hiyo hiyo mama mdogo wangu, ambaye ana miembe upande wa Kathonzweni, Kaunti ya Makueni, alikuwa amenipigia simu kusema ameuza yake kwa Sh5.

Nikamwambia hivyo yule mama wa soko. Hakukasirika. "Kijana, mimi nimeyatoa Marikiti kwa ishirini na nane. Hapo toa ya mkokoteni, toa ya pikapu, toa ya kaunti, toa yale yataoza kabla ya Jumatatu. Sasa niambie, mimi nimekula nini?"

Hesabu ni rahisi kuandika. Shamba Sh5, Marikiti Sh28, Parklands Sh40. Yaani kati ya shamba na soko kuu la Wakulima kuna Sh23 zimeingia mahali, na mkulima na mama mboga wote wanaapa si mfukoni mwao. Ukiuliza vijana mtandaoni watakujibu kwa neno moja: broka. Mimi pia ndivyo nilivyofikiri, mpaka tulipojaribu kumruka.

Wazo lilianzia kwenye kikundi cha WhatsApp cha ploti yetu. Tunaishi katika mojawapo ya zile ghorofa zilizoota Parklands mahali palipokuwa na nyumba moja, bustani kubwa na mti wa mpera. Nyumba kumi na moja zikasema ziko ndani. Tukamwambia mama mdogo tutachukua maembe 400 kwa Sh15 kila moja, mara tatu ya bei ya broka. Nauli ya mzigo kwenye basi kutoka Wote ikawa Sh1,200, bodaboda kutoka steji hadi getini Sh300. Jumla Sh7,500. Mama mdogo alipata Sh6,000 kwa maembe ambayo broka angemlipa Sh2,000. Sisi tulilipa chini ya Sh19 kwa embe badala ya Sh40. Kila mtu ameshinda, si ndio?

Ngoja kwanza. Mzigo ulifika Alhamisi usiku na yote yalikuwa yameiva kwa pamoja. Ijumaa watu wako kazini. Kufikia Jumamosi tulikuwa tumetupa kama sitini, mengine yakiwa yamepondeka njiani kwa sababu tuliyapakia kwenye magunia badala ya maboksi. Hata hivyo, ukigawa gharama kwa yale 340 yaliyobaki, unapata kama Sh22 kwa kila moja. Bado tuko sawa. Lakini kuna mtu mmoja kwenye kikundi ambaye mpaka leo akiona neno "embe" anatoka mtandaoni.

Tatizo kubwa zaidi alinieleza mama mdogo mwenyewe, na kwa upole sana, kwa sababu hakutaka kuonekana hana shukrani. "Mwanangu, nyinyi mmechukua mia nne. Miti ina zaidi ya elfu tatu. Hayo mengine nitayapeleka wapi?" Broka huja na lori, vijana wake wa kupanda miti na pesa taslimu. Anamaliza shamba lote kwa siku moja. Hachagui Jumamosi, hana kikundi cha WhatsApp kinachojadiliana kwa siku tatu nani atapokea mzigo. Anachouza broka ni uhakika, na uhakika una bei yake.

Na kumbuka mwezi. Msimu mkuu wa embe Ukambani huanza mwishoni mwa mwaka na kuendelea hadi Machi hivi, ukishika kasi Januari. Hiyo Januari ndiyo sisi wenyewe tumeibatiza Njaanuari. Shule zimefunguliwa, karo inadaiwa, sare inanunuliwa. Mkulima ambaye mtoto wake amerudishwa nyumbani Jumanne hana nafasi ya kungoja bei ipande Februari. Broka anajua hivyo kuliko mtu yeyote. Kwa hiyo embe linaiva wakati ambapo kila mkulima analo, kila mkulima ana shida ya pesa, na tunda lenyewe linaoza. Hapo hata ungekuwa na shahada mbili za biashara, ungeuza kwa Sh5.

Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba kati ya asilimia 40 na 50 ya maembe ya Kenya hupotea baada ya kuvunwa. Chukua hata ile ya chini. Hiyo ni sawa na kupanda miti kumi na kuvuna minne kwa niaba ya inzi.

Na inzi si utani. Inzi wa matunda kutoka Asia alionekana Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 2003. Hutaga mayai ndani ya embe likiwa bado mtini, wewe unalinunua likiwa zuri kwa nje, ukilikata unakutana na funza. Ilipofika 2014 Kenya ilijizuia yenyewe kuuza maembe katika Umoja wa Ulaya, kabla ya kufungiwa. Soko hilo lilifunguka tena 2021, na maembe ya kwanza ya kurudi yalitoka eneo lililotengwa Makueni ambako wakulima walikuwa wamepambana na inzi huyo kwa mitego na usafi wa shamba. Ni habari njema. Lakini miaka saba ni mirefu, na wengine huko walikuwa wamekwisha kukata miembe wakachoma makaa. Mama mdogo alikata minne. Hazungumzi sana juu yake.

Kaunti nayo haikukaa tu. Mwaka 2017, wakati wa Gavana Kivutha Kibwana, Makueni ilianzisha kiwanda cha kusindika embe huko Kalamba, kinachogeuza tunda kuwa rojo la kutengenezea juisi. Mantiki yake ndiyo hiyo tunayoitafuta: ukimpa mkulima mnunuzi wa pili, broka hawezi tena kuamka na kutaja bei anayotaka. Kiwanda kimoja hakiwezi kumeza maembe ya kaunti nzima, hilo liko wazi, lakini wakulima watakuambia kwamba hata tetesi za kiwanda kuanza kununua wiki ijayo hubadilisha lugha ya broka wiki hii.

Sasa turudi mjini, kwa sababu kula cha msimu hapa Nairobi kumekuwa kama neno la mitindo. Ukilisema katika mkahawa fulani wa Westlands unaletewa sahani yenye majani matatu na bili ya Sh1,800. Mimi nadhani Parklands tulikuwa na jibu nyumbani kabla ya mtindo huo kufika.

Ghorofa ya pili katika ploti yetu anaishi nyanya mmoja wa Kigujarati ambaye wajukuu wake humwita Ba, nasi sote tukafuata. Ba hakuagiza maembe yaliyoiva. Aliniambia, "Mwambie mama yako alete yale mabichi, madogo madogo, magumu. Yale hakuna mtu anataka." Ni kweli hakuna anayetaka. Broka huyakataa shambani, na mama mdogo huwapa ng'ombe. Ba alichukua kilo sita kwa bei waliyoelewana kwenye simu, wawili hao wakizungumza Kiswahili cha kila mtu na kwao. Aliyakata, akayatia chumvi na manjano, akayaanika kwenye paa siku mbili, kisha haradali, uwatu, pilipili na mafuta. Mitungi minane. Ataila hadi Desemba.

Angalia alichofanya. Amenunua wakati bei iko chini kabisa. Amenunua kile kilichokuwa kikitupwa. Na amekihifadhi bila friji. Hilo si jambo la Wahindi peke yao. Ukambani kunde hukaushwa, Magharibi mboga za kienyeji hukaushwa, Nyanza samaki na omena, na bibi zetu karibu wote walikuwa na ghala. Sisi wa bedsita ndio tuliopoteza ufundi huo, kwa sababu tunanunua chakula cha leo usiku, saa moja, tukitoka kazini, nyanya tatu na kitunguu kimoja. Ukinunua hivyo unalipa bei ya juu kuliko tajiri anayenunua kreti. Maskini wa mjini hununua ghali. Hilo kila mama mboga analijua.

City Park ni mahali pazuri pa kujifunza jambo hili kwa sababu meza zake zilijengwa na mahitaji ya jirani. Karela, dudhi, bamia, methi, biringani ndogo: wakulima wa Ukambani wamezilima kwa miaka mingi, na nyingine husafirishwa hadi Uingereza kwa jamaa wa hao hao wa Parklands. Wauzaji ambao hawajawahi kufika Gujarat wanazitaja kwa Kigujarati na kukueleza namna ya kuzipika. Yaani mtaa uliamua unakula nini, na shamba lililo mbali likabadilika. Hakuna aliyetoa ilani wala kuandika mabango. Watu walinunua kitu kile kile, wiki baada ya wiki, miaka nenda miaka rudi.

Ninapotafuta mfano wa kinyume, najikuta nimerudi Januari 2022. Unakumbuka? KFC ikatangaza kwamba imeishiwa na chipsi kwa sababu viazi vyake vya kutoka nje vilichelewa kwenye meli. Wakenya walishtuka. Si kwa kukosa chipsi. Chipsi ziko kila kona. Walishtuka kugundua kwamba duka lililokuwa nchini tangu 2011 lilikuwa likiagiza viazi ng'ambo ilhali Nyandarua iko mwendo wa saa chache kutoka Nairobi. Viazi ndilo zao la chakula la pili kwa umuhimu nchini baada ya mahindi. Mtandao ukawaka moto, watu wakaitisha kususia, kampuni ikaeleza kwamba wauzaji wake lazima wapitie ukaguzi wa ubora wa kimataifa, kisha ikaahidi kufanya kazi na wakulima wa humu.

Hasira ile ilikuwa ya haki. Lakini ilitufanya tuamini kwamba tatizo lilikuwa dharau tu. Ukizungumza na watu wa viazi watakutajia Shangi. Hiyo ndiyo aina inayopendwa zaidi Kenya: inakomaa kama miezi mitatu, inazaa sana, inaiva haraka jikoni. Kasoro yake ni kwamba inachipua upesi baada ya kuvunwa. Huwezi kuiweka ghalani miezi minne ukingoja bei. Kwa hiyo mkulima wa Ol Kalou anauza siku ile anayovuna, pamoja na jirani zake wote, na bei inaanguka. Miezi michache baadaye viazi vinakosekana na bei inapaa. Hoteli kubwa inayotaka kiazi cha ukubwa ule ule kila siku ya mwaka haiwezi kuishi na mawimbi hayo. Sisi wa masala chips pale Diamond Plaza tunaishi nayo kwa njia nyingine: sahani inapungua viazi, bei inabaki pale pale, na hakuna anayetangaza lolote.

Halafu kuna lumbesa. Sheria imeweka gunia la viazi lisizidi kilo 50. Nenda steji yoyote ya viazi Kinangop uone magunia yaliyoongezwa kilemba cha wavu juu mpaka yanafanana na mtu aliyevaa kofia. Mkulima analipwa kwa gunia, si kwa kilo, na kilemba kile ni zawadi yake kwa mnunuzi, apende asipende. Serikali za kaunti zimetangaza vita dhidi ya lumbesa mara nyingi kiasi kwamba tangazo lenyewe limekuwa na msimu wake. Kinachokosekana ni mizani. Mizani na mtu wa kusimama kando yake ambaye hahongwi.

Sasa nikueleze kitu kimoja kinachonikera. Serikali inajua vizuri sana namna ya kulinda msimu. Tazama parachichi. Kila mwaka, kuanzia karibu Novemba, Mamlaka ya Kilimo na Chakula (AFA) hufunga uvunaji wa Hass na Fuerte za kuuza nje hadi mwanzoni mwa mwaka unaofuata, kwa sababu matunda hayajakomaa. Kabla ya kufungua, wataalamu hupima ukavu wa nyama ya tunda. Mfanyabiashara anayevuna changa anaweza kupoteza leseni. Yote hayo ni ili mlaji wa Ulaya, na tangu 2022 mlaji wa China pia, asikate parachichi akakuta mpira.

Mimi na wewe je? Novemba hiyo hiyo broka anakwangua embe changa Makueni kwa sababu bei ya mapema ni tamu, wengine wanayaivisha kwa kabaidi, yanafika Nairobi yakiwa manjano nje na ndani ni machungu kama kwinini. Hakuna anayepima ukavu wa chochote. Tukiyanunua tunamlipa mtu aliyeharibu msimu, na tukifika Januari, wakati tunda lenyewe ndilo tamu, tumekwisha kusema maembe ya siku hizi hayana ladha. Kama kuna jambo moja ambalo mnunuzi wa Parklands anaweza kufanya bila kikundi wala apu, ni kukataa embe la Novemba kutoka Ukambani. Muulize muuzaji limetoka wapi. Wa City Park atakujibu ukweli, maana anataka urudi.

Kuhusu apu, nisizirefushe. Twiga Foods ilianza 2014 na wazo zuri la kuunganisha wakulima wa ndizi na vibanda vya mjini, ikapata mamilioni ya dola kutoka kwa wawekezaji, na kufikia 2023 ilikuwa ikipunguza wafanyakazi na kubadilisha mpango wake. Sioni kama ni sababu ya kuwacheka. Walijifunza kwa pesa nyingi kile ambacho kikundi chetu kilijifunza kwa Sh7,500: kusafirisha vitu vinavyooza ni kazi halisi, na yule broka tunayemtukana anaifanya usiku akiwa na lori la kukodi.

Jambo lingine ambalo hasira za mtandaoni huliruka ni maana ya neno lenyewe, "la hapa". Vitunguu vingi unavyokula Nairobi vimetoka Tanzania, vingine Mang'ola, kando ya Ziwa Eyasi, na hupita Namanga. Wakati huo huo kuna sukuma wiki inayolimwa kilomita chache kutoka mlangoni kwako, kando ya mito ya Nairobi, ikimwagiliwa maji ya kinyesi na ya viwandani. Watafiti wamepata madini mazito kama risasi kwenye mboga za namna hiyo mara kadhaa. Ipi ni ya hapa? Mimi nitakula kitunguu cha Mtanzania kwa moyo safi. Umbali si kipimo cha pekee. Unahitaji pia kujua maji yake, dawa yake, na siku iliyonyunyiziwa. Wakulima wa nyanya watakuambia wazi kwamba kuna wanaopulizia leo na kuvuna kesho kwa sababu lori limefika. Tangu 2007 Afrika Mashariki ina kiwango chake cha mazao ya kilimo hai na alama yake, Kilimohai. Utaiona kwenye maduka machache ya watu wenye uwezo. Kwenye meza ya mama mboga wa Kangemi hutaiona.

Kuna mahali tulipofaulu, na inafaa kupataja. Miaka ya nyuma mtoto wa mjini aliyebeba managu kwenye chakula cha shule alichekwa. Ilikuwa mboga ya maskini, ya kijijini, ya nyanya. Leo managu, terere, saga na kunde ziko supamaketi zikiwa zimefungwa vizuri, na hoteli zinaziuza ghali kuliko kabichi. Hilo halikutokea lenyewe. Wanasayansi kama Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa JKUAT walitumia miaka wakitafiti mboga hizo na kuzitetea mahali ambapo wenzao walitaka kuzungumzia kabichi tu. Kuanzia 2007 Kenya iliendesha mpango wa kukusanya maarifa ya vyakula vya asili, na Desemba 2021 UNESCO ikautambua kama mfano mwema wa kuhifadhi urithi. Na ni mboga za msimu kweli: mvua za masika zikishika, Aprili na Mei, fungu la terere linakuwa kubwa mpaka unaona aibu kuomba nyongeza.

Mbegu zake ndizo zilizokuwa na mgogoro. Sheria ya mbegu, jinsi ilivyorekebishwa 2012, ilimfanya mkulima anayeuza au kugawa mbegu ambazo hazijasajiliwa na kuidhinishwa kuwa mhalifu anayeweza kutozwa faini ya hadi Sh1 milioni au kufungwa miaka miwili. Fikiria nyanya yako anampa jirani kikombe cha mbegu za kunde. Wakulima wadogo 15 walikwenda mahakamani mwaka 2022, na Novemba 2025 Mahakama Kuu ya Machakos ikasema vifungu hivyo vinakiuka Katiba. Mbegu zetu za kienyeji ndizo zinazohimili majira ya Kenya yasiyotabirika, na watu waliozitunza hawakuwa na cheti chochote. Bila shaka upande wa pili una hoja: mbegu bandia zimewaumiza wakulima wengi, na sheria ililenga hao. Lakini tapeli wa dukani na bibi wa kunde hawakupaswa kuwekwa seli moja.

Nimesikia wengine wakisema haya yote ni mambo ya serikali, kijana anayelipa kodi ya nyumba Sh18,000 hawezi kurekebisha barabara ya Kathonzweni. Kweli. Ghala lenye baridi karibu na shamba, mizani, kiwanda cha pili na cha tatu, hizo ni kazi za bajeti, na ukitazama mgao wa kaunti yako utajua kama zipo au hazipo. Kilimo kiligatuliwa, anayepaswa kuulizwa kwanza ni gavana na mwakilishi wa wadi, si waziri. Na hapa jijini wa kuulizwa ni City Hall: kwa nini mama mboga analipa ushuru kila siku na bado anauzia kwenye matope mvua ikinyesha?

Lakini sikubali kwamba mnunuzi hana lolote. Ile Sh15 tuliyolipa iliondoka na kitu. Mama mdogo aliniambia kwamba broka alipofika wiki iliyofuata na kutaja Sh5, alimwonyesha ujumbe wa M-Pesa kwenye simu. "Hawa wa Nairobi wamenipa kumi na tano." Broka akacheka, akasema hao wa Nairobi hawawezi kumaliza shamba. Kisha akapandisha hadi Sh8. Maembe yapatayo 2,500 kwa nyongeza ya Sh3 ni Sh7,500, kiasi kile kile tulichotumia sisi. Sijui kama angepandisha kila msimu. Najua tu kwamba mara hii alipandisha, na kwamba hakufanya hivyo kwa huruma.

Kwa hiyo tumepanga awamu ya pili, safari hii tukiwa na akili kidogo. Tumeomba maboksi, si magunia. Tumeomba yavunwe yakiwa yamekomaa lakini bado magumu, nusu yake ya aina ya kuchelewa kuiva, ili yasituangukie yote siku moja. Mzigo utafika Jumamosi asubuhi, si Alhamisi usiku. Ba ameagiza kilo kumi za mabichi na amesema atafundisha yeyote anayetaka, mradi aje na mtungi wake na asishike simu wakati wa kukata.

Jana usiku tulikuwa tumefikisha nyumba kumi na tisa, tisa zikiwa za ploti ya jirani. Yule wa kikundi aliyekuwa akitoka mtandaoni ameandika kwamba atachukua kumi tu. Mama mdogo anataka kujua idadi kamili kabla ya Jumatano jioni, kwa sababu broka amempigia: anapita Alhamisi.